Sura ya Sita: Kompyuta Iliyougua Mchana

Begi lilikuwa chini ya meza ya kukatia, limevimba, zipu imefungwa kwa nguvu. Mama Pacha alilisukuma ndani zaidi kwa ncha ya kiatu, kisha akaendelea kukata kitambaa kama vile hakuna kitu.

"Nguo zangu na za watoto," alisema. "Basi. Nataka unijibu leo, Shangazi. Si kesho."

Shangazi Tochi hakuwa shangazi wa mtu yeyote katika mtaa ule. Jina alilipata alipoacha kazi ya upelelezi serikalini na kuanza kuwatafutia watu binafsi majibu yao: nani anapunguza mafuta ya jenereta, viti vya ukumbi vinaishia wapi, mume wa fulani ana shughuli gani upande wa stendi. Tochi aliitembeza mchana kweupe, na wenye midomo yao walimcheka kwa hilo. Yeye alijibu tu kwamba chini ya meza za watu huwa hakuna jua.

"Hebu rudia taratibu," Shangazi alisema. "Unamshuku nini hasa?"

Mama Pacha akaelekeza mkasi ng'ambo ya barabara. Studio ya mumewe ilitazamana na duka lake la ushonaji, barabara yenyewe nyembamba, mtu akipiga chafya upande huu anaombewa afya upande ule. Kwenye dirisha kubwa la kioo alionekana msichana ameketi mbele ya kompyuta, nywele kazibana juu. Nyuma yake alisimama mwanamume, ameinama kidogo, shingo kaivuta mbele.

"Unawaona? Basi ndivyo kila mchana. Yule ni Kidoti, anayehariri video. Huyo aliyemwinamia begani ni Baba Pacha wangu. Kila jioni ananiambia kompyuta imezima, imepata joto, kazi ya watu haijaisha, nitachelewa. Asubuhi nzima inafanya kazi bila shida, ikifika mchana inaugua. Kila siku mchana. Sasa mimi nataka kujua jambo moja tu. Hiyo kompyuta inaumwa kweli, au anayeumwa ni mume wangu?"

Alilisema kwa utani lakini mkasi ulikuwa umerudi na kusimama katikati ya kitambaa.

"Tangu lini?"

"Yule binti alikuwa anakaa kule ndani kwenye kona. Huku sioni kitu. Nikamwambia Baba Pacha, geuza meza, ilete dirishani, nione wanachofanya. Tena nilimwambia hivyo hivyo, sikuzunguka. Akaileta. Haikupita wiki, pazia nalo halipo. Pazia nililolishona mwenyewe. Kalitoa yule binti ili aonekane vizuri, mimi nife vizuri."

"Ulimuona akilitoa?"

"Nimuone wa nini, Shangazi? Nani mwingine?"

Katika kazi yake, Shangazi alishalisikia swali hilo kwa kila mtu aliyekosea.

"Nimeshawaambia nimepata fundi wa kompyuta, mwanamke, mzuri sana," Mama Pacha aliendelea. "Ndiyo wewe. Ingia, chunguza. Ukikuta ni uongo, usije hapa kunipa pole, sitaki pole za mtu. Simama pale dirishani, inua mkono juu. Nikiuona mkono nachukua begi langu, napitia watoto shuleni, twende zetu kwa mama."

"Na kama ni kweli inaumwa?"

"Basi njoo unieleze," Mama Pacha alisema, na kwa sauti aliyoitumia, ilikuwa wazi kwamba hajajiandaa kabisa kwa jibu hilo.

Uongo wa ufundi haukumsumbua Shangazi. Zama zake serikalini alikaa miaka kwenye kitengo cha vifaa vilivyoibwa, akafungua na kufunga kompyuta nyingi kuliko sufuria. Alivuka barabara na mkoba wake wa bisibisi, jua la mchana likimpiga mgongoni.

Baba Pacha alimpokea kwa heshima zote, shikamoo ndefu, kiti kikafutwa vumbi. Alikuwa mwanamume mwembamba, mkanda wa kamera shingoni hata alipokuwa hapigi picha. Mikono yake ilikuwa kwa mgeni lakini macho yalikuwa kwingine, yanaenda dirishani na kurudi.

"Hiyo hapo mgonjwa wetu," alisema. "Mimi naona imezeeka tu."

"Ina umri gani?"

"Nani?"

"Kompyuta, baba."

"Ah. Hiyo ni mpya. Tumeinunua juzi juzi tu."

Kidoti alikohoa. Alikuwa binti wa macho makavu, kidoti cheusi juu ya mdomo, na alikaa kwenye kiti chake kama mtu anayengoja kuambiwa akusanye vitu vyake. Kazi iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa video ya harusi ya watu, na wenye harusi walikuwa wamepiga simu mpaka sauti zao zikazoeleka.

"Nieleze kama unavyomweleza daktari," Shangazi alimwambia. "Inaanza vipi?"

"Asubuhi haina neno. Nakata vipande, naweka muziki, inakwenda. Mchana ukianza kupinda, feni inaanza kulia. Linakuja onyo jekundu pale kwenye kona ya skrini, kwamba joto limezidi. Halafu inazima yenyewe. Ukiiwasha papo hapo inakataa, mpaka ipumzike."

"Inazima ukiipa kazi nzito tu?"

"Hapo ndipo nachoka. Jana ilizima nikiwa naandika majina ya maharusi. Majina mawili. Kazi gani hiyo?"

Shangazi alilitia hilo akilini. Kompyuta inayozima kwa kazi nzito inalemewa kutoka ndani. Inayozima kwa majina mawili, huenda inachomwa kutoka nje. Lakini hakutaka kuruka hatua. Aliomba umeme uzimwe, akalilaza lile kasha kubwa la kompyuta kwa ubavu juu ya meza na kufungua bati la pembeni.

Ndani kulikuwa kusafi kuliko jiko la mpangaji. Alizungusha feni kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akaangalia bati la kupozea, limekaa sawa, grisi yake mbichi.

"Nani anaisafisha?"

"Mimi. Naipuliza kila Jumamosi," alisema Kidoti.

"Na grisi?"

"Fundi aliyekuja kabla yako. Akabadilisha na feni. Asubuhi ile ikatulia, sote tukafurahi, tukampa na soda. Mchana ikazima hata soda hajaimaliza."

"Basi si ya ndani," Shangazi alijisemea. Alifunga bati, akalirudisha kasha mahali pake kwenye kile kijinafasi kilichobaki kati ya meza na ukuta chini ya dirisha. Lilibana kuingia. Alilisukuma mpaka likagota kitu laini, akaacha kusukuma. Aliliona hilo la kugota laini, ila kwa wakati ule alidhani ni waya.

Aliponyanyuka ndipo alipoitazama fimbo ya pazia juu ya dirisha. Pete zilikuwa zimejipanga pembeni, tupu.

"Hapa palikuwa na pazia."

"Limeenda kufuliwa," Baba Pacha alijibu. Alijibu haraka mno, kabla hata swali halijawa swali.

Kidoti alimtazama bosi wake, kisha akatazama vibonye vya kompyuta.

Shangazi akatabasamu kidogo. Mwenye kulishona pazia lile alikuwa ng'ambo, na kwa jinsi alivyomwona, hakuna pazia la nyumba yake ambalo lingefuliwa na mtu mwingine akabaki kimya. Kwa hiyo mume alikuwa anadanganya. Na mume anayedanganya habari ya pazia, huku ana binti dirishani na mke mwenye begi, hakuwa na sura nzuri. Hata Shangazi, aliyekuwa ameanza kumpenda yule bwana kwa upole wake, alihisi mkono wake wa kulia umekuwa mzito, ule aliotakiwa kuuinua.

"Baba, nisaidie maji ya kunywa. Ya baridi, kama yapo."

"Itabidi niende dukani."

"Nenda tu, sina haraka."

Alitoka kwa mlango wa nyuma. Hata kutoka kwenyewe alitoka anageuka geuka.

"Haya, mwanangu," Shangazi alimwambia Kidoti, akivuta kiti. "Pazia liko wapi?"

"Mimi niliambiwa Mama Pacha amelitaka."

"Ukaamini?"

"Kwa nini nisiamini? Yule mama hanipendi. Siku meza ilipoletwa hapa nilimpungia mkono kwa heshima, akanifungia mlango. Nikajua tu, pazia amelitoa yeye ili anichunge."

"Ana la kuchunga?"

Binti alimtazama usoni. Hakukasirika, alichoka tu. "Mimi nina mchumba, Shangazi. Anapiga simu kila saa kuuliza nimekaa na nani, upande gani, mbali kiasi gani. Wivu wa huyo mmoja nimeshiba. Wa kuongeza sina pa kuuweka."

"Lakini bosi wako anakuinamia kila mchana. Mtaa mzima unaona."

"Na mimi naona. Ndilo ninalojiuliza kila siku. Hanigusi, haniongeleshi. Anasimama pale pale kama mtu anayesubiri zamu yake benki. Juzi kompyuta imekufa kabisa, skrini nyeusi tii, akaniambia endelea hivyo hivyo, inapendeza."

"Skrini ikiwa nyeusi?"

"Nyeusi. Nikasema haya, nashukuru."

Shangazi alisimama. Alikwenda nyuma ya kiti cha Kidoti na kutafuta mahali penyewe kwa macho. Hapakuwa na taabu kupapata, maana sakafu ilikuwa imepakwa nta na pale nta ilikuwa imekwisha, alama mbili za viatu pamoja na kijiduara ambapo kisigino kilikuwa kinazungushwa na mtu asiyetulia. Aliweka miguu yake juu ya alama zile. Akainama kidogo, shingo mbele, kama alivyomwona Baba Pacha.

Kwenye skrini hakuona maharusi, wala muziki wala majina. Jua la dirishani lilikuwa linampiga usoni moja kwa moja, hata ingekuwa imewashwa asingeona kitu, na kilichoonekana ni uso wake mwenyewe tu.

Basi mtu anayesimama pale haangalii skrini. Na shingo ya Kidoti ilikuwa chini ya usawa wa macho yake, kwa hiyo haangalii shingo pia. Alinyanyua macho kufuata mstari ule ule. Yakapita juu ya nywele zilizobanwa, yakapita kwenye kioo, yakavuka barabara na kutua ndani ya duka la ushonaji. Kioo kirefu cha kujaribia nguo. Mama Pacha na futi yake mkononi. Na mwanamume mmoja mnene kiasi, amesimama mbele ya kioo kile na koti lisilo na mikono, ameinyoosha mikono yake pande zote mbili, huku Mama Pacha akimzungushia futi kiunoni.

"Yule ni nani?"

"Bwana Suti," alisema Kidoti bila kugeuka. "Anakuja kila wiki. Mimi nimemwona hata bila kumtafuta."

"Na kule dukani, chini ya meza, unaona nini?"

"Begi. Lipo tangu Jumatatu."

Shangazi alirudi kwenye kasha. Kisha akasema, "Washa. Iache ichakate video yote, kazi nzito, usiionee huruma."

Kidoti akawasha. Kwenye kona ya skrini palikuwa na kinamba kinachoonyesha joto, nao wakakitazama kikipanda. Feni ikaanza kuvuma, kisha kulia. Shangazi aliweka kiganja ubavuni mwa kasha, upande wa dirishani, akakiondoa upesi. Palikuwa na moto kama kifuniko cha sufuria. Akapitisha mkono nyuma ya kasha, mahali ambapo feni hutoa hewa ya ndani, akangoja upepo umpige vidoleni.

Upepo haukuwapo. Feni inalia kabisa, inazunguka, lakini nyuma hakutoki kitu.

Onyo jekundu likaja. Kidoti akaondoa mikono kwenye vibonye, amezoea. Skrini ikazima.

Sasa tochi ilipata kazi. Shangazi alipiga magoti, akajibana ukutani na kumulika nyuma ya kasha. Kulikuwa na waya, na plagi, na kati ya kasha na ukuta kulikuwa na kitu cha kijani kimesokomezwa, kimekunjwa mara nyingi, kimebanwa sawasawa kwenye matundu ya hewa. Hakikuwa kimeanguka. Mtu alikikunja, akakisukuma kwa mkono mpaka kikajificha. Alikivuta polepole. Kikatoka kirefu, kikaendelea kutoka, pazia zima la dirisha, pindo lake limeshonwa mara mbili kwa uzi mwekundu, nalo lina joto kama limetoka kwenye pasi.

"Ala," alisema Kidoti. "Kumbe lipo hapa hapa?"

Shangazi alikuwa ameshasimama. Alitaka kuhakikisha jambo moja la mwisho, kwamba pazia likirudi mahali pake jua halilifikii kasha kabisa. Akalishika kwa ncha, akanyoosha mkono wake wa kulia juu kabisa mpaka kwenye fimbo, na kivuli kikashuka vizuri sana, kikafunika meza, kasha na magoti ya Kidoti. Alifurahi. Mpelelezi mzima, miaka yote ile ya kazi, akafurahi na kujisahau.

Alipokumbuka mkono wake uko wapi, alikuwa ameshachelewa. Ng'ambo, Mama Pacha alikuwa amesimama wima, futi bado mkononi, anatazama dirisha la studio. Bwana Suti alikuwa amebaki peke yake mbele ya kioo, mikono amenyoosha. Mama Pacha akaikunja futi, akaiweka mezani taratibu. Kisha akainama chini ya meza.

"Mungu wangu, siyo hivyo," Shangazi alisema, akikipungia kioo mkono mwingine, jambo lililozidi kuharibu.

Nyuma yake kitu kilianguka. Ilikuwa chupa ya maji ya baridi. Baba Pacha alikuwa amerudi, amesimama juu ya zile alama zake mbili, rangi imemtoka.

"Amelichukua," alisema.

"Amechukua nini?"

"Begi." Naye akatoka mbio, kamera ikimgonga kifuani.

Shangazi alimfuata na pazia begani. Alipofika ng'ambo, wawili wale walikuwa mlangoni mwa duka, begi kati yao, kila mmoja amelishika upande wake. Bwana Suti alijifanya anatafuta kifungo sakafuni.

"Unakwenda naye wapi?" Baba Pacha aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya mtu wa ugomvi.

"Na nani? Na watoto?"

"Usinifanye mjinga, Mama Pacha. Huyo." Akaashiria kwa kidevu.

Mama Pacha aligeuka akamtazama Bwana Suti, suruali yake imeshikiliwa kwa pini pande zote. Alimtazama kwa muda, kama ndiyo kwanza anamwona.

"Huyu anaoa mwezi ujao," alisema. "Amejinyima kula ili apendeze, kila wiki anapungua, kila wiki suti inampwaya. Nifanye nini? Nimpunguzie suti, au nimshonee tumbo?"

"Na kunyoosha mikono vile, kama anasubiri kukumbatiwa?"

"Ndivyo watu wanavyopimwa, baba. Ulitaka nimpime amefunga mikono?" Macho yakamsinyaa. "Wewe umemwona wapi akinyoosha mikono?"

Baba Pacha akaangalia viatu vyake.

"Amemwona dirishani," Shangazi alisema, akiingia na kufunga mlango nyuma yake. "Mkono wangu ule haukuwa wa mapatano yetu, Mama Pacha, nisamehe, nilikuwa napima pazia. Hili hapa. Lishike."

Mama Pacha aliachia begi akalipokea. "Lina moto," alisema. Akapapasa uzi mwekundu wa pindo. "Ni langu. Nani amelifanya hivi?"

"Mwenye kulitoa. Wewe ulidhani Kidoti, Kidoti akadhani wewe, na huyu bwana akaniambia liko kwenye kufuliwa. Nimelikuta nyuma ya kompyuta." Shangazi alimgeukia yule bwana. "Utasema mwenyewe, au niseme?"

"Nililitoa nione," Baba Pacha alisema. "Lilikuwa linanizuia. Nikalisokomeza pale ili usijue nimelitoa."

"Uone nini?"

"Ninyi wawili. Wewe na huyo mtu wako wa suti. Kila mchana. Nilikuwa nasimama pale mpaka miguu inakufa ganzi."

"Umesimama juu ya yule binti ukinitazama mimi?"

"Ningesimama wapi? Meza uliiweka wewe pale."

Bwana Suti alikuwa amekipata kifungo ambacho hakukipoteza.

"Sasa nisikilizeni, maana mashine yenu si mgonjwa," Shangazi alisema. "Mama Pacha, wewe uliitoa kompyuta kwenye kona yake yenye kivuli ukaileta juani, ili umchunge mumeo. Bado pazia lilikuwepo, ingevumilia. Wewe nawe, baba, ukalitoa pazia ili umchunge mkeo, ukalikunja ukaziba nalo pale pale inapotolea hewa ya moto. Jua huku, blanketi kule. Hata mimi ningezima. Ndiyo maana asubuhi ni nzima, maana jua bado linapiga huku dukani. Ikizima, kazi inasubiri ipoe, naye anachelewa. Akichelewa, unafunga begi. Akiliona begi, anazidi kuganda dirishani. Mmepashana joto mpaka mkamtia Kidoti wa watu katikati, karibu akose kazi."

Mama Pacha alikuwa ameshika neno moja tu katika yote hayo. "Akiliona begi," alisema. Akamgeukia mumewe. "Ulikuwa unaliona?"

"Tangu Jumatatu."

"Ukanyamaza?"

"Nilisema nisipouliza, labda hutaondoka." Alifuta uso kwa mkanda wa kamera. "Kila asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la studio natazama kama bado lipo. Likiwepo, nasema haya, leo bado yupo."

Mama Pacha alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga kwa ajili ya siku hiyo, yamekaa tayari kwa siku kadhaa, na hakuna hata moja lililofaa. Alimrudishia pazia kifuani.

"Nenda kazini kwako," alisema. "Watu wanataka harusi yao."

"Na wewe?"

"Nimekwambia nenda."

Akaenda. Shangazi akaenda naye, maana hakujua afanye nini kingine, na mkoba wake wa bisibisi ulikuwa kule. Kidoti alikuwa ameshaliwasha lile kasha, ameliinamia kwa nyuma, kiganja wazi.

"Upepo unatoka," alisema. "Unatoka kabisa. Joto linashuka. Baba Pacha, sasa naomba nijue, mimi nafukuzwa au sifukuzwi?"

"Hufukuzwi. Nisamehe, mwanangu."

"Basi niwekeeni hilo pazia, jua linanichoma macho."

Baba Pacha akapanda juu ya kiti, akaanza kuzipitisha pete moja moja. Alifika katikati akasita, kwa sababu kutoka pale juu aliliona duka lote, na ndani ya duka Mama Pacha alikuwa amelipandisha begi juu ya meza ya kukatia.

Alifungua zipu. Hakuangalia upande wa studio, lakini alijisogeza mpaka karibu kabisa na kioo cha dirisha, mahali ambapo hakuna wa kukosa kuona. Akatoa masweta mawili ya pacha, yanayofanana, akayanyanyua juu, moja, la pili, kisha akayaweka mezani. Akatoa gauni lake la bluu, akalinyanyua. Akatoa viatu vya shule. Akatoa nguo za kulalia, zikafuata taulo na chanuo. Kila kitu alikinyanyua kwanza, kama mchuuzi anayeonyesha wateja, na kila kitu kilipokaa mezani Baba Pacha pale juu ya kiti alivuta pumzi.

Begi likanywea. Mama Pacha akatia mkono mpaka chini kabisa, akasita. Halafu akatoa kitu cha mwisho, akakinyanyua haraka kuliko vingine, kama anaona haya. Lilikuwa shati la kiume, la miraba, ukosi umechakaa.

"Lile langu," Baba Pacha alisema. "Nimelitafuta wiki nzima. Nilidhani limeibwa kwenye kamba."

Shangazi alikuwa anakumbuka maneno yenyewe, yalivyotoka mdomoni kwa mwenye begi: nguo zangu na za watoto, basi.

Ng'ambo, Mama Pacha akalikunja shati lile vizuri, mkono juu ya mkono, akaliweka juu ya rundo. Ndipo akatazama studio kwa mara ya kwanza. Akachukua mkasi, akauelekeza kwenye pazia, akaushusha. Funga.

Baba Pacha akalivuta pazia mpaka mwisho. Chumba kikaingia kivuli. Kidoti akarudi kwa maharusi wake, na feni ikawa inavuma kando ya meza kwa utulivu.

Shangazi Tochi alikusanya bisibisi zake. Mumewe mwenyewe, yule aliyemwacha, alifunga begi lake kwa mpango mzuri sana, hakusahau hata soksi, na hakuondoka na kitu cha Shangazi hata kimoja, hata kitambaa cha mkononi. Hakuwahi kusimama dirishani kumngoja. Hakuwahi kumshuku na mtu. Wivu ukampanda pale pale, wa shati la watu, shati lenyewe limechakaa ukosi, na hakujaribu kuuficha kwa sababu hakukuwa na mtu anayemtazama. Akazima tochi, akawaaga, akatokea mlango wa nyuma.